Gari Nililoambiwa Nimeliua

Jumanne, tarehe kumi na mbili Novemba. Mawingu yalijikusanya upande wa Ziwa toka alfajiri, yakatutia tamaa mpaka saa tano, halafu upepo ukayafagia yote. Limebaki vumbi. Watu wameshapanda pamba kwenye udongo mkavu, wanangoja.

Leo wamekuja wanunuzi wa chuma chakavu kulikata gari la baba. Fundi wao anaitwa Malimi, mtu mzima mwenye mvi ndevuni. Alipofungua mlango wa nyuma harufu ilinipiga usoni: ngozi ya bandia iliyopikwa na jua, petroli ya zamani, kinyesi cha kuku, na chini yake kabisa ile harufu ya mafuta ya gia. Miaka mingi nimefagia uwanja kulizunguka gari hilo na sikuwahi kuisikia hivyo. Nilitaka kulia, nikaona ni hasira, siyo kilio.

Niseme kwanza hasira yenyewe inatoka wapi. Baba alipofariki, siku ya kuondoa matanga, kaka yangu Masunga aliwasimulia waombolezaji habari za gari. Masunga anajua kusimulia. Aliigiza baba anavyoshika usukani, akaigiza moshi, na mwisho akaninyooshea kidole: "Na huyu hapa, Kabula, ndiye aliyelinywesha matope likafa!" Watu walicheka mpaka wengine wakafuta machozi. Na mimi nilicheka. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba nilicheka. Nimelibeba gari hilo mgongoni toka nina miaka kumi na moja, na mbele za watu nikaonyesha meno.

Nitajaribu kuandika sawasawa, nisimwonee mtu. Mimi shule yangu iliishia darasa la tano, nitakapopinda mtanisamehe.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Kabla ya hapo pamba yote ya huku Bariadi ilikwenda kwenye chama cha ushirika, unapima, unapewa karatasi, unangoja. Ghafla wakaja wanunuzi binafsi. Kila siku lori jipya, mizani mipya, wakala mpya mwenye miwani ya jua. Mawakala walihitaji magari madogo ya kuzungukia vijijini, na magari yalikuwa hayatoshi. Baba alilitazama hilo vizuri, siwezi kumnyima. Alisema mwenye gari msimu huu ndiye atakayekula. Wengi walisema hivyo, na wachache walikula kweli.

Tulikuwa na maksai wanne wa kulimia. Baba aliwapa majina ya vyeo, kwa mzaha: Karani, Bwana Shamba, Diwani na Polisi. Karani alikuwa mbele kushoto, mwekundu, mpole, ukimkuna nyuma ya sikio anafumba macho. Mimi ndiye niliyekuwa natembea mbele yao wakati wa kulima, nikiwaongoza mstarini.

Mzee Ng'wandu wa upande wa Lalago alilileta gari uwanjani kwetu siku ya Jumamosi. Lilikuwa la Kimarekani, refu kama nyumba ya vyumba viwili, rangi ya maziwa yaliyoganda, usukani kushoto, na mbele lilikuwa na vyuma vinavyong'aa vimepangwa kama meno. Majirani walijaa. Baba alilizunguka mara tatu. Akabonyeza bodi kwa kidole gumba, vile anavyobonyeza paja la ng'ombe mnadani. Akapiga teke gurudumu moja moja. Akainama akazitazama taa, kama anatazama macho yenye ukungu.

"Meno yote yapo!" jirani mmoja akapiga kelele. "Huyu hajazeeka, mchukue!"

Watu wakacheka. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko. Akasema kwa adabu, lakini kwa sauti ya kusikika, "Baba Masunga, mbona hujafungua boneti?"

Baba akageuka. "Wewe umeona wapi ng'ombe anapasuliwa tumbo kabla hajanunuliwa?"

Wakacheka tena, na mzee Ng'wandu alicheka kuliko wote. Boneti haikufunguliwa. Leo ukimwambia mtu atasema baba alikuwa mjinga. Hakuwa mjinga. Alikuwa hodari wa kununua ng'ombe, watu walitoka mpaka Mwanhuzi kumwomba awachagulie. Alitumia elimu aliyokuwa nayo, mahali pasipokuwa pake. Hilo nimemsamehe zamani.

Gari lilibadilishwa kwa maksai wote wanne na mitamba watano juu. Karani alipofunguliwa zizini aligeuza shingo kunitafuta.

"Tutalima na nini?" mama aliuliza walipoondoka.

"Kabla mvua haijaja watakuwa wamerudi hapa," baba alisema. "Nimepatana na Ng'wandu. Msimu mmoja wa pamba, namrudishia thamani yao, ananirudishia hao hao. Gari linabaki langu."

"Na lisipofanya kazi?"

"Mayu, litafanya," baba alimjibu, kwa lile neno letu la Kisukuma la kumwita mama.

Kwa hiyo sisi watoto tulijua kabisa kilichowekwa rehani. Gari likitembea mpaka mwisho wa msimu, Karani anarudi. Likisimama, harudi. Sikuwa na haja ya kuelezwa zaidi.

Jioni baba alikaa kitini karibu nalo na kulitajia wageni ukoo, kama anavyoutaja ukoo wa ng'ombe: lilitoka kwa mmisionari wa Kimarekani pande za Ziwa, likaenda kwa meneja wa kiwanda cha kuchambua pamba, meneja akalitumia mpaka akastaafu, likaenda kwa Ng'wandu, sasa liko hapa. Alilitaja kwa fahari. Kwa ng'ombe, kutoka mikono mingi ya watu wazito ni sifa. Hakuna aliyemwambia kwamba kwa gari ni kinyume.

Magonjwa yake nayajua yote, kwa sababu kazi ya kulihudumia ilikuwa yangu. Fundi wa baba, Shija, alikuwa na spana za milimita kama mafundi wote. Gari lenyewe lilitengenezwa kwa inchi. Spana ya kumi na nne haiingii, ya kumi na tano inacheza. Basi Shija anachomeka kipande cha bati la kopo katikati, anakaza, na kichwa cha boliti kinalika mpaka kinakuwa duara kama shanga. Jua likiwa kali petroli ilichemka ndani ya bomba kabla ya kufika kwenye kabureta, gari linakohoa, linazima. Dawa yake ilikuwa kitambaa kibichi, kipande cha kanga ya mama, kinafungwa kwenye bomba na kumwagiwa maji kila baada ya mwendo. Springi ya nyuma ilivunjika, ikafungwa kwa mpira wa tairi. Mkanda wa feni ulipokatika walisuka kamba ya katani. Na gia yake ilikuwa ya kujibadilisha yenyewe, tena ilivuja mafuta mekundu, mekundu kabisa.

Mimi niliamini ni damu. Kila asubuhi nilikuta tone mchangani, nikalifukia kwa majivu mbwa wasilambe. Sikumwambia mtu. Niliona aibu kwa niaba ya gari.

Lakini ugonjwa mkubwa ulikuwa kiu. Rejeta ilikunywa madumu mawili asubuhi na mengine njiani, na kabla ya saa nne sindano ya joto imeshalala upande wa mwisho. Niliyachota maji kisimani, mbali, kwa sababu Shija alisema maji yawe masafi. Mimi nilishangaa. Ng'ombe wetu walikunywa ya lambo, bwawa la mifugo, maji mazito rangi ya chai, na walinenepa. Huyu anayepewa maji ya kisima kama mgonjwa ndiye anayekonda.

Na bado kazi ilifanyika, kusema kweli. Wakala alilikodi karibu kila siku. Siku nyingine baba alitupakia, tunakwenda mpaka barabara kuu na kurudi, madirisha wazi, Masunga anapungia watu mkono. Nililipenda. Nisidanganye.

Karibu na mwisho wa msimu baba na Shija walimpeleka wakala Mwanhuzi. Walirudi kesho yake, gari linavutwa na lori la pamba. Walilifunika kwa turubai, wakajifungia humo siku mbili, na sisi watoto tukatumwa kwa shangazi. Tuliporudi gari lilikuwa linanguruma, baba amenawa, anacheka kidogo. "Lilitaka kupumzika tu," alisema.

Wiki hiyo hiyo sinia la mama lilipotea. Nataka muelewe sinia hilo. Lilikuwa la bati, jeupe, na maua mekundu makubwa matano, mama alikuja nalo kutoka kwao siku alipoolewa. Halikupakuliwa chakula cha kila siku, lilitoka kwa wageni tu. Mama alitafuta jikoni, ghalani, kwa majirani. Halafu akanigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye muosha vyombo.

"Umelipeleka wapi?"

"Sijaliona, mama."

"Lina miguu?"

Alinichapa kwa fimbo ya mkwaju mpaka nikasema nililisahau kisimani. Nilisema uongo ili aache. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake, umbali wa hatua kumi. Aliona. Nakumbuka alikuwa anasafisha kucha kwa kijiti, na hakuinua kichwa.

Ikabaki safari moja. Wakala alitaka kufunga vituo vyake vya upande wa Lalago, na kwa safari hiyo baba angekamilisha deni la Ng'wandu. Jioni ile alisema mbele yetu sote, "Kesho kutwa Karani atalala hapa." Sikupata usingizi.

Alfajiri alinituma maji. Kisimani kulikuwa na foleni ya wanawake, na gari linaungurumishwa, na baba anaita. Nikaenda lambo. Theluthi mbili ilikuwa uvivu na haraka. Theluthi moja, naapa, ilikuwa mapenzi: niliona siku ya mwisho basi gari lipate nguvu, nalo linywe kama ng'ombe. Nikajaza madumu mawili ya maji ya chai, nikamimina ndani ya rejeta kwa mikono yangu.

"Ya kisimani?" baba aliuliza toka dirishani.

"Ndiyo, baba."

Lilikufa nusu ya njia. Lilitoa moshi mweupe, likapiga kelele kama chuma kinasagwa, likasimama, halikuwaka tena. Mzee Ng'wandu alipelekewa habari, akatuma msaada wa kulivuta mpaka nyumbani. Siku ya pili jioni tuliona vumbi barabarani. Mbele ya gari, wamefungwa nira, walikuwa Karani, Bwana Shamba, Diwani na Polisi.

Karani alipofika kwenye kona ya kwetu aliongeza mwendo mwenyewe. Walilivuta gari mpaka uwanjani, wakafunguliwa, na Karani akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa zizi, akasimama pale anangoja afunguliwe. Mtu wa Ng'wandu alimchapa kumgeuza. Ilimbidi amchape mara nyingi.

Majirani walikuwa wamejaa kama ile siku ya kwanza. Shija alifungua kifuniko cha rejeta, akachovya kidole, akakitoa kina tope. Akakiinua watu wakione. Baba aliniita.

"Haya maji ulichota wapi?"

Nikakitazama kidole cha Shija.

"Kabula. Wapi?"

"Lambo."

Hakunipiga. Watu hulisifu hilo hadi leo, kwamba marehemu alikuwa mpole, hakumpiga. Aligeukia umati akafungua mikono, hivi, kama mtu aliyefiwa. "Mmesikia wenyewe. Ng'ombe wangu walikuwa wanarudi leo." Halafu kwangu, taratibu: "Umeua gari. Basi wewe ndiye utakuwa maksai."

Sikuelewa ni maneno ya kweli mpaka mvua iliponyesha. Shamba lililolimwa kwa jembe la ng'ombe siku nne, mama na mimi tulililima kwa jembe la mkono wiki saba. Masunga alirudi shule, alikuwa anaingia darasa la saba, ana mtihani mbele. Mimi sikurudi. Mwalimu alikuja mara moja kuuliza, baba akamjibu, "Huyu ana deni na ardhi." Mwaka uliofuata pia nililima, na mwaka wa baada yake. Kwa haki niseme kwamba wasichana wengi wa kwetu waliacha shule bila kuua gari lolote, labda na mimi ningeacha. Sijui. Lakini wao hawakuambiwa ni adhabu. Mimi nililima nikikubali. Kila jembe lililoingia ardhini nililiona ni halali yangu. Nimelea watoto wangu na mkono huu huu, na kila mmoja wao akikosea nasikia kidole cha Shija chenye tope.

Sasa leo. Malimi alikata boneti, akakata paa, wakaishusha injini chini kwa mnyororo. Nilikuwa napita na ndoo akaniita.

"Mayu, hebu njoo uone. Hili gari lilikuwa na kidonda."

Ubavuni mwa injini, mahali pa chini usipopaona ukifungua boneti, palikuwa na kibati kimepigiliwa kwa skrubu ndogo ndogo, kimefunikwa grisi na masizi. Akazing'oa skrubu, akakibandua. Chini yake kulikuwa na mpira wa tairi, na chini ya mpira ufa, mrefu kama kiganja, unaingia kidole cha mtoto.

"Bloki ilipasuka," alisema. "Likichemka sana hupasuka. Wakaziba hivi. Hii haiponi, inasogeza siku tu. Ilikuwa maiti inatembea."

"Fundi," nikamuuliza, "na matope? Mtu akitia maji ya matope kwenye rejeta?"

Akachungulia matundu ya kupitishia maji, akakwangua kwa bisibisi. "Matope yapo, siwezi kukuficha. Yanaziba, yanaongeza joto. Lakini matope hayapasui chuma, halafu yakapigilia bati juu yake." Akacheka, akaona mimi sicheki. "Kwani vipi?"

Nikachukua kile kibati. Upande wa nje kilikuwa kutu tupu. Upande wa ndani, ule uliolala kwenye mpira, nilipoumenya mpira ulitoka kama ganda la jipu, na chini yake palikuwa peupe. Na juu ya weupe, nusu ya ua jekundu. Jekundu kama jana.

Nilikaa chini kwenye mchanga.

Nimejitahidi kumtetea. Nikasema labda waliziba baada ya lile tope langu. Lakini baada ya siku ile injini haikuguswa na mtu, Shija alihama kijiji mwezi ule ule, na sinia lilipotea kabla, wiki walipotoka Mwanhuzi. Nikasema labda Shija alilichukua baba asijue. Lakini walikuwa wawili chini ya turubai siku mbili. Nikasema labda aliamini kweli kwamba limepona. Hilo nampa. Labda aliamini. Lakini siku nilipochapwa kwa ajili ya sinia alijua lilipo, na siku aliposimama mbele ya umati alijua kuna ufa. Alinitazama mtoto wa miaka kumi na moja usoni, akachagua.

Nikampigia Masunga. Nikamweleza mpaka mwisho.

"Dada, marehemu hasemwi."

"Mimi nimesemwa nikiwa hai. Mbele ya watu. Na wewe."

"Ile ilikuwa utani tu."

"Basi mwezi ujao kwenye kikao cha ukoo utasimulia tena, uongeze na kipande hiki. Uone kama watacheka."

Akasema mtandao unakatakata.

Mama anaishi kwangu siku hizi, macho yamefifia. Sikutaka kumpelekea. Nilizunguka nyumba mara mbili na kile kibati kwenye kanga. Nikaona kumficha ni kufanya kazi ile ile ya baba. Nikakiweka mkononi mwake. Alikipapasa, akakisogeza karibu na jicho la kulia, akapitisha kidole kwenye ua.

"Sinia langu," alisema. "Lilikuwa wapi?"

"Ndani ya gari, mama. Kwenye injini. Baba alizibia ufa."

Alikaa nacho mapajani muda mrefu. Nilimuuliza kama alijua. Akasema hakujua. Nimemwamini. Halafu akasema kwa Kisukuma, polepole, kwamba yeye alinichapa. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Na nililima na wewe wiki saba, sikukuambia pole hata siku moja, kwa sababu na mimi niliamini." Hasira yangu haijaisha, na sitaandika hapa kwamba imeisha.

Injini wamepakia wameondoka nayo. Kibati nimekibakiza.

Jioni tumekula ugali wa mtama na mlenda, na dagaa kidogo wa Nassa. Chakula kilipotengwa nilinyanyua jagi nimnawishe mama kama kila siku. Akalishika jagi, akaling'ang'ania kwa mikono yote miwili mpaka nikaliachia. Akaniambia nitoe mikono. Akaninawisha mimi kwanza, mbele ya watoto wangu, maji mengine yanamwagika sakafuni. Ndipo tukala.